Ruta ileile, programu mpya: Je, nguvu iliyolala huamka?

Tangu mgodi wa Buzwagi, ulio nje kidogo ya mji wa Kahama, ulipositisha uzalishaji mwaka 2021, familia nyingi za mji huo zimejifunza kuishi na baba wa kwenye simu. Wapo waliohamia Bulyanhulu, wapo waliokwenda Geita, na wapo walioamua kujaribu biashara Katoro. Fundi umeme mmoja, baba wa watoto watatu, alipata kazi Geita. Hukaa kambini wiki kadhaa ndipo arudi nyumbani kwa siku chache, na katikati ya hapo malezi yake yote hupita kwenye kioo cha simu, kuanzia saa 2:00 usiku baada ya zamu ya mchana.

Mke wake ni muuguzi. Sebuleni kwao kuna ruta ya 4G waliyonunua kwa kampuni ya simu, na inahudumia simu nne, kompyuta mpakato moja ya zamani na televisheni. Mchana inatosha. Tatizo lilikuwa saa ile ile ya baba. Picha iliganda, sauti ikakatika, na bibi mzaa baba, aliyekuja kukaa nao kutoka Shinyanga vijijini, alilazimika kurudia salamu yake ya "mwadila" mara tatu kabla mwanawe hajaisikia. Mtoto wa mwisho, mwenye miaka sita, alichoka kuzungumza na baba aliyeganda mdomo wazi. Ikafika mahali baba akipiga, yeye anakimbilia katuni. Hilo lilimuumiza mama kuliko bando kuisha.

Likizo ilipofika, alikuja mtoto wa mdogo wake, kijana wa mwaka wa tatu chuoni. Alitazama ruta, akapima kasi kwa simu yake, kisha akatoa hukumu ambayo wazazi wengi wenye vijana wa kompyuta nyumbani wameisikia: "Mama mkubwa, hizi ruta zina nguvu nyingi, zimefungwa tu na programu ya kiwandani. Tukiiflashi utaona."

Mama aliuliza swali moja tu. "Na ikifa?"

Anachokisema kijana yule kina ukweli ndani yake, ila si wote. Ruta ni kompyuta ndogo. Ina prosesa, ina kumbukumbu ya kazi, ina kumbukumbu ya kudumu, na ina redio ya kurusha Wi-Fi. Vyote hivyo huongozwa na programu iliyowekwa kiwandani, ambayo mafundi huiita famwea. Ukiiondoa na kuweka nyingine iliyoandikwa na watu wa kujitolea, mashine ni ileile lakini dereva amebadilika. Maarufu zaidi kati ya hizo ni OpenWrt.

Asili yake ni kisa kinachopendeza kusimulia. Mwishoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta ya nyumbani iliyoitwa WRT54G. Watumiaji wadadisi wakagundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo ambao leseni yake inamtaka anayeusambaza atoe pia maandishi yake ya ndani. Mwaka 2003, baada ya kubanwa, kampuni ikayatoa. Mwaka uliofuata OpenWrt ikaanza. Ghafla ruta ya bei ya nyumbani ikawa na mipangilio ya vifaa vya ofisi kubwa: kupanga foleni ya data, kugawa mtandao kwa makundi, na hata kuongeza nguvu ya redio kupita ile iliyowekwa kiwandani. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba kila ruta ina nguvu iliyofichwa. Kwa WRT54G ilikuwa kweli. Lakini mwaka 2005 toleo jipya la ruta hiyohiyo lilitoka likiwa na kumbukumbu ndogo zaidi na mfumo mwingine kabisa, na waliotaka Linux wakatengenezewa modeli yao peke yake. Jina la ruta lilikuwa lile lile, uwezo haukuwa ule ule.

Kwa mzazi anayesoma huku ameishika ruta yake, funzo la kisa hicho liko chini ya kifaa, kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa. Pale pameandikwa modeli, na pembeni yake namba ya toleo. Hiyo namba ya pili ndiyo inayoamua. Programu ya toleo moja ikiwekwa kwenye toleo jingine inaweza kuiua ruta, na hakuna fundi simu wa stendi atakayeifufua bila vifaa maalumu.

Kijana hakuigusa ruta ya kampuni ya simu, na hapo anastahili sifa. Ruta nyingi za 4G huuzwa zikiwa zimefungwa kwenye mtandao wa kampuni moja, na modemu iliyo ndani yake hutegemea programu za mtengenezaji ambazo hazitolewi hadharani. Ukiiflashi unaweza kubaki na Wi-Fi nzuri isiyo na intaneti. Alichofanya ni kutafuta ruta ya pili, ya kawaida, iliyotumika ofisini, kwenye duka la vifaa vya mtumba mjini. Hiyo ndiyo angeibadilisha programu, halafu aiunganishe na ile ya 4G kwa waya. Ikifa, familia inabaki na ya kwanza. Mama alikubali kwa sharti hilo.

Siku ya kazi mawingu yalikuwa yametanda, na Kanda ya Ziwa mawingu ya namna hiyo huja na radi, na radi huondoka na umeme. Umeme ukikatika programu ikiwa nusu ndani na nusu nje, kifaa kinaweza kufa. Kijana akaichomeka ruta kwenye inveta ya sola, akaunganisha kompyuta kwa waya, akapakia programu. Dakika chache baadaye taa ziliwaka. Lakini kwenye simu zote za nyumba ile hakuna jina jipya la Wi-Fi lililoonekana. Mama akatikisa kichwa akarudi jikoni.

Haikuwa imekufa. OpenWrt inapowekwa mara ya kwanza kwenye ruta nyingi, redio huwa imezimwa kwa makusudi mpaka mwenye kifaa aingie kwa waya, aweke nywila yake, ndipo aiwashe. Ni tahadhari ya maana, ingawa imewafanya watu wengi watupe ruta nzima.

Foleni ya dirisha la dawa

Kabla ya kubadilisha chochote kijana alikuwa amefanya jambo ambalo wengi hulisahau. Alipima mtandao katika hali mbili: nyumba ikiwa kimya, na nyumba ikiwa saa 2:00 usiku. Kasi ya kushusha data usiku ilipungua, kama inavyotarajiwa mnara ukielemewa, lakini haikupungua kiasi cha kushindwa kubeba video moja. Kilichobadilika vibaya ni muda wa kusubiri. Ujumbe mdogo ambao mchana ulikwenda na kurudi chini ya kupepesa jicho, usiku ulichukua zaidi ya sekunde nzima.

Walipochunguza ni kifaa gani kinatuma data muda huo, jibu lilikuwa simu ya mama mwenyewe. Akirudi kazini jioni, simu inakamata Wi-Fi ya nyumbani na kuanza kupandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ilifanya hivyo kimyakimya kila jioni, na ilikuwa katikati ya kazi hiyo kila mara baba alipopiga.

Muuguzi alielewa maelezo ya kijana haraka kwa sababu yanafanana na kazini kwake. Chukua dirisha moja la dawa. Mtu mmoja amekuja na orodha ya dawa za wodi nzima, maboksi kwa maboksi. Nyuma yake amesimama mama mwenye mtoto anayehitaji chupa moja ya dawa ya homa. Ruta nyingi za kiwandani hupanga wote kwenye foleni moja, tena haziwaambii wanaoingia mlangoni kwamba kumejaa. Huendelea kuwapokea mpaka korido yote imeziba. Hakuna anayekataliwa, na wote wanachelewa. Video ya baba ni yule mama mwenye mtoto, anayehitaji kitu kidogo lakini sasa hivi.

Tatizo hilo lina wataalamu wake. Jim Gettys wa Marekani alilipigia kelele kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha kanuni ya kulidhibiti. OpenWrt ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitumia majumbani. Kwa lugha ya dirisha la dawa, kila mteja hupewa foleni yake, mhudumu huchukua kidogo hapa na kidogo pale kwa zamu, na foleni ikianza kuwa ndefu mno anayeleta mzigo mkubwa huambiwa mapema apunguze mwendo.

Usiku ule walipoijaribu, picha za mama ziliendelea kupanda na baba akaonekana. Hakuwa na picha ya televisheni. Uso wake bado ulikuwa na chengachenga mnara ulipolemewa. Lakini sauti haikukatika, na bibi alisalimia mara moja akajibiwa. Mtoto wa mwisho alimwonyesha baba jino lililotoka.

Haki itendeke hapa. Sehemu kubwa ya faida hiyo mama angeipata bila kuflashi kitu, kwa kuingia kwenye mipangilio ya simu na kuamuru picha zipandishwe usiku wa manane. Ni kazi ya dakika moja. Mzazi ambaye simu za baba wa nyumba yake zinaganda aanzie hapo kabla ya kumwita kijana wa chuo. Lakini nyumba yenye simu nne haitabaki na mkosaji mmoja. Kesho ni masasisho ya simu ya binti, keshokutwa ni televisheni. Foleni ikipangwa kwenye ruta, mama haanzi kila jioni kwa upelelezi.

Kinachobaki kimelala

Sasa swali lenyewe: je, programu mpya iliitumia ruta ile kwa uwezo wake wote? Hapana, na mara nyingi haiwezi. Ruta nyingi za kisasa zina sehemu ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, kupitisha data kwa kasi kubwa bila kuisumbua prosesa. Kasi zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi hutegemea sehemu hiyo. Watengenezaji wengi wa chipu hawatoi hadharani maelezo ya namna ya kuiendesha, hivyo watu wa kujitolea hulazimika kubahatisha au kuiacha. Redio nazo zina ubaguzi huo: zipo chipu ambazo OpenWrt huziendesha vizuri sana, na zipo, nyingi za Broadcom zikiwemo, ambazo Wi-Fi yake hulegea au haifanyi kazi kabisa.

Zaidi ya hapo, kupanga foleni kunataka prosesa iguse kila kifurushi, kwa hiyo ile njia ya mkato ya chipu huzimwa hata pale inapofahamika. Mwenye waya wa faiba wa kasi kubwa jijini Dar es Salaam anaweza kuweka OpenWrt kwenye ruta ya zamani na kukuta kasi imeshuka. Kahama, ambako kinacholeta intaneti ni mnara wenye wateja wengi usiku, prosesa ndogo inatosha na kubaki. Familia ile haikupoteza chochote, kwa sababu kasi iliyopotea haikuwa ikifika kwao tangu mwanzo.

Na yapo mambo ambayo programu haina usemi nayo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ruta yenye programu bora duniani siku hiyo iligeuka taa za mapambo. Kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati navyo havisikilizi famwea. Kuitoa ruta nyuma ya televisheni na kuiweka juu ya kabati katikati ya nyumba kuliifanya Wi-Fi ifike chumba cha bibi, na hilo halikuhitaji kompyuta.

Kuhusu nguvu ya redio, kijana alitaka kuipandisha. Mama akauliza kuhusu mionzi, maana mtoto mdogo analala chumba kinachopakana na sebule. Ni swali zuri na linajibika. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vina uwezekano wa kusababisha saratani, kundi ambalo ushahidi wake ni hafifu. Ruta ya kawaida hurusha kiasi cha miliwati 100 kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na nguvu hiyo hupungua haraka kadri unavyosogea mbali. Simu iliyobanwa sikioni humfikia mtu kwa kiwango kikubwa kuliko ruta iliyo chumba cha pili. Mtoto hakuwa hatarini.

Lakini bado mama alikuwa sahihi kukataa, kwa sababu nyingine. Mawasiliano ya Wi-Fi ni ya pande mbili. Ruta ikipiga kelele zaidi, simu ya bibi kule chumbani bado ina sauti yake ile ile ndogo ya kujibu. Unaona mistari yote mitano kwenye kioo na ukurasa haufunguki. Isitoshe, viwango vya nguvu huwekwa na mamlaka za nchi, kwetu ni TCRA, na redio inayosukumwa kupita kiasi hupata joto na kuharibu ubora wa mawimbi yake yenyewe. Kijana alikuwa pia na wazo la kuweka VPN ndani ya ruta. Mama alikumbuka tangazo la TCRA la Oktoba 2023 la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili, akasema la hasha.

Kuna jambo moja ambalo kijana alilitaja kwa kupita wakati lilistahili kutangulia. Mwezi Mei 2018 ilitangazwa kwamba kirusi kilichoitwa VPNFilter kilikuwa kimeingia kwenye ruta na vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Ruta nyingi za bei nafuu huacha kupewa masasisho na kiwanda baada ya miaka michache, na huendelea kukaa sebuleni zikiwa na mianya inayojulikana. Programu kama OpenWrt huendelea kuzibiwa mianya kwa miaka mingi zaidi. Ila masasisho hayo hayaji yenyewe kwa kawaida. Lazima kuwe na mtu wa kuyaweka. Kijana akirudi chuoni, nani?

Hapo ndipo binti wa kwanza, wa kidato cha tatu, alipoingia kwenye habari hii kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa amefurahia kitu kimoja kuliko vyote kwenye programu mpya: ratiba. Simu ya binti ilipangiwa kukatiwa intaneti saa 3:30 usiku ili alale. Siku ya nne mama aliamka usiku akakuta mwanga chini ya blanketi. Ratiba ilikuwa ikiitambua simu kwa anwani yake ya Wi-Fi, na simu za miaka ya karibuni hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha. Binti alikuwa ameifuta Wi-Fi, akaiunganisha upya kwa mpangilio mwingine, na ruta ikamwona kama mgeni.

Kwa simu, baba alicheka kwanza, kisha akanyamaza alipoona mke wake hacheki. Waliongea na binti wote wawili, baba akiwa Geita kwenye kioo kilichoegeshwa kwenye kopo la sukari. Makubaliano yalikuwa mawili. Simu zote, ya mama ikiwemo, zitachajiwa sebuleni usiku. Na binti, kwa kuwa ameonyesha anaweza, atafundishwa na binamu yake kuisimamia ruta: kuisasisha, kuhifadhi nakala ya mipangilio, na kurudisha programu ya kiwandani ikibidi. Aliandika hatua zote kwenye daftari la mazoezi lenye picha ya Mlima Kilimanjaro. Nywila ya kuingilia anayo mama. Binti huiomba anapofanya kazi, na mama hukaa pembeni.

Kipengele cha simu kuchajiwa sebuleni ndicho kigumu kuliko vyote vya kiufundi. Muuguzi wa zamu ya usiku anaihitaji simu yake, na binti alilisema hilo bila kuficha. Wakaafikiana kwamba siku za zamu mama anaibeba, siku nyingine inalala kwenye kabati pamoja na za wengine.

Mwezi uliopita shangazi wa Shinyanga mjini alisikia habari za ruta inayopanga foleni, akataka yake iflashiwe. Binti alimwomba apige picha ile karatasi ya chini ya kifaa. Ilikuwa TP-Link TL-WR841N, toleo lenye megabaiti 4 za kumbukumbu ya kudumu na 32 za kazi. OpenWrt ilifunga mlango kwa ruta za ukubwa huo baada ya toleo lake la 19.07, programu mpya hazitoshei tena. Binti akamjibu kwa ujumbe: "Shikamoo shangazi. Hiyo haiwezi, ni ndogo. Badilisha nywila ya kiwandani, halafu zima kupandisha picha jioni."

Shangazi akapiga simu kuuliza picha gani zinazopanda.